Elki wa hatua 55: kisa cha kichwa cha risasi kilichopasuka begani, na jinsi nilivyorudi mezani kuanza upya

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu bila kukiandika kwa sababu kinaniuma, lakini mwaka huu vijana watatu wameniuliza kitu kilekile. Wamenunua bunduki ya .300 Winchester Magnum, wamenunua na presi ya kupakia risasi wenyewe nyumbani, na swali lao la kwanza ni "baruti gani inatoa kasi kubwa?" Na mimi nilianza na swali hilohilo, na ndo lilinifikisha kwenye saa nne za kufuata damu kwenye theluji. Kwa hiyo naweka yote hapa, kuanzia mezani mpaka porini mpaka mezani tena.

Mimi ni mtu wa Ifakara, naishi Missoula, Montana, Marekani, na huku kuwinda ni namna ya kujaza friza, siyo mchezo wa matajiri. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu ila mkubwa haswa, dume lililokomaa linafika kilo 300 na zaidi, ukipata mmoja familia mbili zinakula nyama majira yote ya baridi. Kuanzia 2016 wamefika hapa mjini ndugu wengi kutoka Kongo, Kiswahili kikaongezeka mtaani, na mimi nikapata mwenzangu wa porini, Baba Neema, mtu wa Uvira, mtulivu, mwenye macho makali kuliko darubini yangu. Nyama tunagawana nusu kwa nusu, afu kila mmoja anagawa kwa majirani zake.

Neno la sheria kabla sijaendelea. Huku kutengeneza risasi za kutumia mwenyewe ni ruksa, ukianza kuziuza ndo unahitaji leseni. Nyumbani Tanzania ni mambo mengine kabisa, kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kwa hiyo mtu asisome hapa akafikiri ni kitu cha kukaa sebuleni Morogoro na kuanza kujaza maganda.

Na tuelewane maneno. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba nyeupe, praima ya kuwashia kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kile kinachoruka. Kisa hiki kinahusu hivyo viwili vya mwisho.

Sasa twende mwezi wa nane wa mwaka ule. Nilikuwa na bunduki yangu yenye mtutu wa inchi 24, nikawa nimesikiliza sana watu wanaopiga mbali, mita 500, mita 600, wote wanasifu vichwa vyembamba vyenye ncha ya plastiki, koti (ganda la shaba linalofunika kichwa) jembamba, vinapita hewani kama sindano. Nikanunua vya greni 165 (greni ni kipimo kidogo sana, gramu moja ni greni 15 na nusu hivi). Nikatafuta baruti ambayo kitabu cha vipimo vya kupakia kinaonyesha inatoa kasi ya juu kuliko zote kwa uzito ule, nikapanda ngazi kwa ngazi mpaka karibu na mwisho wa kitabu, siku hiyo jua linawaka nyuzi 34. Kronografu, kile kifaa cha kupimia kasi ya risasi, ikasoma 3,190 futi kwa sekunde. Bolti, ile komeo ya kufunga na kufungua chemba ya bunduki, ilikuwa ngumu kidogo kuinua kwenye risasi mbili za mwisho, dalili ya presha kubwa, nikashusha baruti kidogo, nikaona mambo safi, karatasi ya shabaha matundu matatu yamegusana. Nikajaza hamsini, nikaandika kwenye boksi, nikalala kwa amani.

Angalia nilichokuwa nimefanya hapo, maana kosa lote lipo kwenye hiyo siku na siyo siku ya kuwinda. Nilichagua kasi kwanza, afu kichwa nikakichagua kwa ajili ya shoti ndefu nzuri niliyokuwa naiota, mnyama amesimama ubavu, mbali, hana habari. Sikujiuliza hata mara moja kichwa hiki kitafanya nini nikikutana na dume kwenye kichaka hatua hamsini likiwa limenigeuzia bega.

Mwanzoni mwa Novemba tukapanda milima ya Garnet, mashariki ya Missoula. Baridi ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri, theluji ya kifundo cha mguu, na ile misonobari ya lachi imeshapukutisha sindano zake zote za njano, unakanyaga njano juu ya nyeupe. Saa moja na nusu asubuhi Baba Neema akanigusa bega bila kusema kitu. Dume lilikuwa limetoka kwenye msitu mzito, likasimama kimshazari, kifua na bega la kulia vimenielekea. Baadaye nilihesabu hatua nikapata 55. Nikaweka msalaba wa darubini mwanzo wa bega, nikavuta.

Likayumba, likapiga goti, likainuka, likaingia msituni. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru Mungu, mwenzangu yuko kimya. Tukasubiri nusu saa, tukaenda pale. Baba Neema akainama, akaangalia, akasema, "Kaka, ile nyama haijakufa. Damu iko kidogo sana, na iko ya juu juu."

Hapo ndo zilianza saa nne. Sitaki kuzieleza zote. Tone hapa, tone hatua ishirini mbele, mguu wa mbele unaburuzwa kwenye theluji, unaona ule mstari wa kwato, unajua kabisa kila mstari ni maumivu uliyoyatengeneza wewe mwenyewe mezani kwako kwa mikono yako. Tulimkuta kilomita moja na nusu hivi kutoka pale, amelala kwenye kichaka, kichwa juu, anatuangalia. Shoti ya pili ya shingo ikamaliza.

Tulipochuna ndo nikaona. Bega la kulia lilikuwa uji, shimo pana kama sahani ya chai, damu imeganda mpaka kwenye mbavu, nyama ya bega zima haifai kitu. Na nyuma ya huo uji mfupa mzito wa bega umevunjika, lakini kichwa hakikupita. Kuna kipande cha mfupa tu ndo kilifika kwenye pafu moja. Ndani ya uji nikatoa kwa ncha ya kisu kipande kimoja kikubwa, vingine vilikuwa vumbi na vipande vya koti kama maganda ya vitunguu. Kile kikubwa nilikiosha, nikakibeba nyumbani kwenye kitambaa, nikakiweka kwenye ile mizani ya kupimia baruti. Greni 41. Kilitoka kwenye mtutu kikiwa na greni 165, robo tu ndo ilibaki imeshikana, ukubwa wa punje ya hindi. Bado ninacho, kipo kwenye kisosi juu ya meza ya kupakia.

Kwa nini ilitokea hivyo? Nilipowasimulia watu wengi walisema "shabaha mbaya, ungepiga nyuma ya bega". Ni kweli mnyama akikaa kimshazari vile unaweza kumwacha ageuke, na leo pengine ningesubiri. Lakini risasi iligonga pale nilipolenga, na risasi ya kuwindia elki inatakiwa ivunje mfupa ule na iendelee mpaka mapafuni. Wengine wakasema kaliba ndogo, nunua kubwa zaidi. Hapana. Kaliba hiyo imeua elki wengi tangu itoke 1963, nguvu haikupungua, ilikuwa nyingi mno kwa kichwa kile. Kichwa chenye koti jembamba kimetengenezwa kifunguke hata kikifika kule mita 500 kimeshachoka, sasa wewe unakigongesha kwenye mfupa mnene hatua 55, bado kina karibu futi 3,000 kwa sekunde. Nguvu inaongezeka kwa mraba wa kasi. Kitu kilichotengenezwa kifunguke kirahisi kikiwa kimechoka, kikifika na nguvu zote hakifunguki, kinapasuka.

Na hili jambo siyo geni hata kidogo, ndo maana linaniuma zaidi. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja aliyekuwa na biashara ya malori Ashland, Oregon, anaitwa John Nosler, alikwenda kuwinda British Columbia kule Canada na bunduki ya .300 H&H Magnum, ambayo ni kama mama mkubwa wa hii yangu, ilitoka Uingereza 1925. Akakutana na muusi dume, yule kulungu mkubwa kuliko wote mwenye pembe kama makoleo, mwili mzima umepakaa tope lililokauka. Akapiga, akapiga tena, vichwa vinapasukia juu juu havifiki ndani. Tatizo lake lilikuwa hili langu, magnamu, yaani bunduki ya ganda kubwa lenye baruti nyingi, ina kasi kuliko kichwa kinavyoweza kuvumilia. Tofauti ni kwamba yeye alirudi nyumbani akatengeneza kichwa kipya, chenye vyumba viwili vya madini ya risasi (lead, ile metali laini na nzito) na ukuta wa shaba katikati. Cha mbele kinafunguka na kumega, cha nyuma kinalindwa na ule ukuta kinaendelea kuchimba. Akakiita Partition, na 1948 akaanza kampuni. Miaka zaidi ya sabini baadaye mimi nikaenda kununua lile tatizo lake dukani kwa hela yangu.

Nikamkumbuka na mjomba wangu, marehemu, aliyekuwa mfuatiliaji nyayo na wawindaji wa kitalii upande wa Kilombero. Sisi watoto tulikuwa tunauliza bunduki gani kubwa, yeye alikuwa anaongelea risasi laini na risasi ngumu tu. Mgeni akifika kambini mjomba anaomba aone risasi, anazigeuza anaangalia ncha, laini za kufunguka zikae wapi, ngumu zisizofunguka za nyati anayekimbia zikae wapi. Nilidhani ni mazoea ya wazee. Kumbe alikuwa anaangalia kitu cha kwanza kabisa cha kuangalia.

Basi majira ya baridi yale sikuhangaika na kuchagua baruti kabisa. Nilinunua aina tatu za vichwa, boksi mojamoja. Greni 180 za Partition, greni 180 ambazo madini ya risasi yamechomelewa na koti ili visiachane, na greni 168 za shaba tupu, hakuna madini ya risasi ndani, tundu tu kwenye ncha linalofanya ifunguke petali nne kama ua. Nikavipakia vyote kwa kiwango cha kuanzia cha kitabu, nikaenda kiwanja cha shabaha na magazeti niliyoyaloweka usiku kucha kwenye madumu, nikaweka na mfupa wa paja la ng'ombe mbele niliopewa na muuza nyama, hatua 50. Nilitaka kurudia ile asubuhi kadiri inavyowezekana bila mnyama.

Partition ilivunja mfupa ikaingia ndani sana, nilipoitoa ikabaki greni 121, yaani theluthi mbili hivi, na ndivyo ilivyoundwa, ile theluthi ya mbele lazima imeguke. Ile ya kuchomelewa ikabaki 139, imefunguka kama uyoga mpana, ila iliishia nyuma ya Partition kidogo. Ya shaba tupu ilikuwa imepita dumu la mwisho, nikaikuta kwenye kifusi cha mchanga baada ya kuchimba, petali zote nne zipo, greni 167. Na nikarudisha tena kile cha kwanza kilichoniharibia, kwa haki. Kikapasukia kwenye mfupa, magazeti ya kwanza yamechanika vibaya ukiangalia unaogopa, magazeti ya tatu hayana hata alama. Mtu anayeangalia ukurasa wa kwanza tu atasema hicho ndo kikali kuliko vyote.

Hapa wengi wanaingia kwenye hesabu ya uzito, uzito mkubwa unachimba zaidi, na ni kweli kwa vichwa vya aina moja. Kuna kipimo cha uzito ukilinganisha na unene, kwa kaliba hii greni 165 ni 0.248, 180 ni 0.271, 200 ni 0.301. Lakini hiyo namba ni ya kichwa kabla hakijagonga. Changu cha 165 kilivyogonga mfupa kikawa cha 41, hiyo 0.248 imeshakufa. Ndo maana kwa shaba tupu unaweza kushuka uzito mpaka 165 au 168 bila wasiwasi, kwa sababu kinachoingia ndicho kinachofika.

Nilikuwa nimeshaamua Partition, niseme ukweli, nina heshima na kile kichwa na kinanisaidia kulala. Aliyenibadilisha mawazo ni Mama Neema. Alikuwa anasaga nyama ya yule elki, akanionyesha kwenye kiganja kidude cheusi kidogo kama mbegu ya ufuta, akauliza ni nini. Ni madini ya risasi. Ilikuwa nyama ya mbali na kidonda, tulidhani tumekata kwa usalama kabisa. Neema alikuwa na miaka minne. Madini ya risasi kwa mtoto ni sumu ya ubongo, hakuna kiwango kinachosemwa ni salama. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota, jirani zetu, walikuta vipande vya namna hiyo kwenye nyama ya kusaga ya kulungu iliyotolewa msaada kwa wenye shida, wakaambiwa waitupe. California tangu Julai 2019 wamekataza kabisa risasi zenye madini hayo kwenye uwindaji, kwa sababu ya wale ndege wakubwa kondo wanaokula mizoga na matumbo tunayoyaacha porini. Tai wetu wa hapa Montana wanakula hayohayo matumbo. Partition kwa namna ilivyoundwa lazima imwage theluthi yake ya mbele ndani ya mnyama. Kwa mtu anayekula peke yake afanye hesabu zake, mimi nyama yangu inaliwa na watoto wa nyumba tano sita. Nikachagua shaba tupu.

Sasa ndo baruti ikapata nafasi yake. Kichwa kimeshaamuliwa, baruti inakuja kukitumikia.

Ganda la magnamu ni kubwa tumbo lakini mdomo wake ni inchi 0.308 tu. Ukiweka baruti inayowaka haraka, gesi yote inazaliwa kichwa kikiwa bado kinaanza kusogea, presha inapanda ghafla kabla hujapata kasi ya maana. Unataka baruti ya polepole inayoendelea kusukuma kichwa kikiwa kinatembea ndani ya mtutu. Kwenye .300 ya greni 165 mpaka 180 watu wengi wanaishia kwenye familia ya baruti zinazoitwa 4831, ukienda vichwa vizito vya 200 na kuendelea unashuka kwenye baruti za polepole zaidi, H1000 na wenzake. Hiyo H4831 ina historia nzuri, baada ya vita kuu ya pili Bruce Hodgdon alinunua baruti za jeshi zilizobaki, za mizinga ya milimita 20, akawauzia wapakiaji, na ndo iliyofanya magnamu zieleweke nyumbani kwa watu. Ila kuna mtego hapo nauweka kwa herufi kubwa: H4831 NA IMR 4831 SIYO BARUTI MOJA. Namba moja, tabia tofauti, ya IMR inawaka haraka zaidi. Ukichukua kipimo cha moja ukamimina nyingine unaweza kupandisha presha hatari. Mezani kwangu linakaa kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja, mengine yamefungiwa kabatini, na nikimaliza namwaga iliyobaki kwenye mashine irudi kopo lake kabla sijaondoka kwenye kiti, hata simu ikiita siipokei.

Kitu cha pili ni joto. Zile risasi za Agosti zilizobaki nilizipeleka kiwanjani Desemba, nyuzi 12 chini ya sifuri, zimelala nje usiku. Kasi imeshuka futi 85 kwa sekunde na matundu yamesogea chini upana wa vidole viwili. Baruti ile sitaitaja, ni nzuri kwa wanaoijua, lakini inabadilika na hali ya hewa. Kwa elki wa hatua 55 hilo halikuwa na madhara, baruti haikuniharibia siku ile, nisiisingizie. Shida yake ilikuwa ya upande wa pili. Nilikuwa nimeipandisha mpaka ukingoni siku ya nyuzi 34, na bolti ngumu ilikuwa inaniambia. Na fikiria aliyeipima mpaka mwisho wakati wa baridi afu akaja kuipiga kwenye jua la Julai, huyo presha inampandia akiwa hajui. Kwa hiyo nikatafuta baruti ambayo haisumbuliwi sana na baridi na joto, nikachukua H4831 ile ya punje fupi kwa sababu inapita vizuri kwenye mashine ya kupimia.

Cha tatu ni nafasi. Shaba tupu ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi, na urefu wa risasi nzima umefungwa na magazini, kwa .300 Winchester kikomo cha kawaida ni inchi 3.340. Maana yake urefu wa ziada unaingia chini, ndani ya ganda, unakula nafasi ya baruti, na shingo ya ganda hili ni fupi, inchi 0.264 tu. Ndo maana huwezi kuchukua kipimo cha baruti cha kichwa cha madini ya risasi cha 168 ukakitumia kwa cha shaba cha 168, presha haziendi sawa, soma kitabu cha mtengenezaji wa kichwa hichohicho. Vichwa hivi pia havipendi kugusa mifereji ya mtutu, Barnes, watengenezaji wa vichwa vya shaba, wanashauri uanze na mruko (nafasi kati ya kichwa na mifereji) wa inchi 0.050, nami nilipofanya hivyo matundu kwenye shabaha yakakaribiana.

Na usilazimishe baruti ijae kupita nafasi. Wazee wa safari wa Afrika wanakijua kisa cha .458 Winchester Magnum ilipotoka 1956, ganda fupi la inchi 2.5 likatakiwa lifanye kazi ya zile bunduki kubwa za Kiingereza za mitutu miwili, baruti ikashindiliwa. Baadhi ya risasi za miaka ile zikikaa baruti inagandamana, kasi inaanguka. Na hapo mbele yako yuko nyati. Jack Lott baada ya kuumizwa na nyati Msumbiji 1959 ndo alikuja na ganda refu zaidi la inchi 2.8. Upande mwingine usipunguze baruti ya polepole kuliko kiwango cha chini cha kitabu ukifikiri unajihami, ganda lenye nafasi tupu na baruti ya polepole linaweza kuwaka kwa namna isiyotabirika, vitabu vinaonya hilo. Na baridi kama ya huku na baruti nyingi hivyo zinataka praima ya magnamu.

Namba za greni za baruti sitaziandika, mtu asiniombe. Mtutu wangu siyo wako. Anza asilimia kumi chini ya kikomo cha kitabu cha mwaka huu, panda kidogokidogo, na angalia kronografu kuliko unavyoangalia praima, maana dalili za kwenye praima na ganda zinakuja zimechelewa. Ukiona kasi imezidi ya kitabu kwa urefu wa mtutu uleule, hiyo kasi haijatoka hewani, ni presha. Mimi nilisimama kwenye 3,040. Futi 150 nilizoziacha sijazikosa mpaka leo.

Kitu kimoja cha ganda nikitaje haraka kwa sababu kinawaharibia wengi. Magnamu hizi zina mkanda kwenye kitako, na ukiacha ganda lijipime ndani ya chemba kwa mkanda badala ya bega lake (pale linapoanza kubana kuelekea shingo), ukilibana kupita kiasi kila unapolipakia, linanyooka na kukatika juu kidogo ya mkanda baada ya mara chache. Ukiona mduara unaong'aa pale, tupa. Rekebisha daisi yako, ile kalibu ya kurudishia ganda umbo, isukume bega la ganda inchi 0.002 tu nyuma.

Novemba iliyofuata tulikuwa mteremko uleule. Jike la elki, hatua 90, kimshazari tena, na safari hii tulikuwa na kibali cha jike. Nilikuwa na muda wa kusubiri, nikasubiri, hakugeuka, nikapiga bega. Akaenda hatua thelathini akaanguka ndani ya macho yetu. Baba Neema akatembea mpaka pale akaweka mkono juu ya ubavu wake akakaa kimya kidogo, na mimi nikakaa. Kichwa kilikuwa kimevunja bega la kulia, kimepita mapafu yote mawili, kimeishia chini ya ngozi ya upande wa kushoto, unakigusa kwa kidole kinacheza kama jiwe kwenye mfuko. Petali nne. Greni 166. Bega lililogongwa tulikula karibu lote, tulikata nyama ya ukubwa wa kiganja tu.

Mama Neema alisaga usiku huohuo, akawa anapitisha nyama kwenye vidole kabla ya kuifunga, pakiti baada ya pakiti, taa ya jikoni imewashwa yote. Hakukuta kitu. Kile kichwa nilikiweka kwenye kisosi pamoja na kile cha greni 41, na kijana akija kuniuliza baruti ya kasi namletea hicho kisosi kwanza.